Masizi, salfa na jua: jinsi plastiki ilivyojifunza kukaa nje

Tembea mtaani kwako leo uangalie vitu vya plastiki vinavyokaa nje mwaka mzima. Bomba la maji la roli, jeusi lenye mstari wa bluu. Tangi la maji juu ya mnara, jeusi. Waya wa intaneti unaoning'inia kwenye nguzo, mweusi. Halafu tafuta kiti cheupe cha plastiki kilichosahaulika uani tangu shughuli ya mwaka juzi. Kipitishie kidole, kitatoka na unga mweupe. Kikalie vibaya, mguu unakatika na wewe uko chini.

Ukiuliza kwa nini bomba ni jeusi, wengi watakujibu kwamba ni ili maji yasiote mwani. Hilo nalo lina ukweli, ila si sababu kubwa. Sababu kubwa ni mionzi ya urujuanimno iliyomo kwenye mwanga wa jua, ile ile inayounguza ngozi. Historia ya namna watu walivyojifunza kuizuia isiue plastiki inapita kwenye kebo za simu za Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa kawaida inasimuliwa kwa sentensi moja: walitia masizi, tatizo likaisha. Halikuisha. Masizi yalitibu ugonjwa mmoja na kuharibu dawa ya ugonjwa mwingine, na kutoka kwenye mkwamo huo ilichukua miaka.

Tuanze na plastiki yenyewe. Polietilini ndiyo iliyotengeneza mifuko tuliyokuwa tukiiita nailoni (ambayo wala haikuwa nailoni), na ndiyo inayotengeneza mabomba na matangi mengi. Ilipatikana kwa bahati Machi 1933 huko Winnington, Uingereza, kwenye maabara za kampuni ya ICI. Reginald Gibson na Eric Fawcett walikuwa wanajaribu kuunganisha gesi ya ethilini na kemikali nyingine kwa mgandamizo wa karibu mara 2000 ya ule wa hewa ya kawaida. Mwitikio walioutaka haukutokea. Badala yake walikuta kitu cheupe kama nta ndani ya chombo. Kurudia jaribio hilo kulisumbua sana, na lilifanikiwa vizuri Desemba 1935 tu, timu ya Michael Perrin ilipolirudia. Baadaye ikaeleweka kwamba oksijeni kidogo iliyojipenyeza na gesi ndiyo iliyokuwa inauanzisha mwitikio. Kwa hiyo oksijeni ilikuwepo kwenye kuzaliwa kwa plastiki hii, na kama utakavyoona, inakuwepo pia kwenye kufa kwake.

Uzalishaji wa kibiashara ulianza Septemba 1939, siku zile zile vita ilipoanza, na polietilini ikaenda moja kwa moja kwenye nyaya za rada kwa sababu haipotezi nguvu nyingi za mawimbi ya umeme. Vita ilipokwisha, ikawa plastiki inayotafuta kazi.

Kazi ilikuwepo. Kampuni ya simu ya Bell ilikuwa inafunika kebo zake kwa risasi, ile metali nzito. Risasi ilikuwa imetumika tangu karne ya 19: haipitishi maji na inakunjika vizuri. Lakini ni nzito, ghali, na baada ya vita maombi ya simu yaliongezeka huku risasi ikiwa adimu. Mwaka 1947 Bell walianza kutumia kebo yenye gamba jipya, utepe wa alumini ndani na polietilini nje, wakaliita Alpeth. Nyepesi, rahisi, haishiki kutu.

Shida ni kwamba polietilini tupu ikikaa juani inapasuka. Haisubiri miaka 20, inaweza kupasuka ndani ya mwaka mmoja au michache, kutegemea ukali wa jua. Na kebo ya simu si ndoo, kwamba ikipasuka unanunua nyingine. Ikipasuka juu ya nguzo, mvua inaingia, na mtaa mzima unakosa simu.

Hapa nisimame kidogo, maana swali la kwa nini inapasuka ni zuri kuliko linavyoonekana.

Mwanga huja kwa vifurushi, tunaviita fotoni. Tabaka la ozoni huzuia karibu mionzi yote iliyo chini ya nanomita 290, kwa hiyo inayotufikia ni ile iliyo juu ya hapo. Fotoni za nanomita 300 zina nishati ya karibu kilojuli 400 kwa moli. Kifungo kati ya kaboni na kaboni kinahitaji karibu 350 kukatika. Ukiangalia namba hizo tu utasema basi, mchezo umeisha, jua linaikata minyororo ya plastiki kama mkasi.

Lakini fotoni haiwezi kukata kitu kisichoimeza. Polietilini safi kabisa, yenye kaboni na hidrojeni tupu, haimezi mionzi hiyo, inapita tu kama mwanga unavyopita kwenye kioo. Kwa nadharia, ilipaswa kukaa juani bila shida! Tatizo ni kwamba polietilini safi kabisa haipo. Wakati inayeyushwa na kusukumwa kwenye mashine ya kiwandani kwa joto kali, oksijeni inang'ata hapa na pale kwenye mnyororo na kuacha vikundi vidogo vyenye oksijeni. Vikundi hivyo ndivyo vinavyomeza urujuanimno. Vikishameza, mnyororo unakatika na kuacha ncha yenye njaa ya kemikali, yaani radikali. Radikali inadaka oksijeni ya hewani, halafu inanyang'anya hidrojeni kutoka mnyororo wa jirani, jirani naye anakuwa radikali. Kinachobaki kwenye mnyororo wa kwanza ni kikundi kipya chenye oksijeni, ambacho fotoni nyingine ikikipiga kinapasuka na kutoa radikali mbili. Moja inazaa mbili. Ndiyo maana plastiki iliyo nje hukaa muda mrefu ikionekana nzima, halafu inaharibika ghafla.

Sasa, kukatika kwa molekuli kunageukaje kuwa bomba lililopasuka? Kazi yangu ya kila siku ni kuvuta vipande vya plastiki kwenye mashine mpaka vikatike, kwa hiyo sehemu hii naipenda. Polietilini ndani yake si fujo tupu. Kuna sehemu ambazo minyororo imejipanga vizuri, tunaziita fuwele, na kati yake kuna minyororo legevu inayotoka fuwele moja kwenda nyingine. Fikiria matofali yaliyofungwa pamoja kwa kamba badala ya saruji. Ukivuta, kamba ndizo zinazobeba mzigo na kukunjuka. Kipande kipya cha polietilini laini kinaweza kuvutika mpaka mara tano au sita ya urefu wake.

Mionzi na oksijeni hushambulia kamba, siyo matofali, kwa sababu oksijeni haipenyi kirahisi ndani ya fuwele. Huhitaji kukata nyingi. Sehemu ndogo tu ya minyororo ikikatika, uwezo wa kuvutika unaporomoka kutoka mara kadhaa ya urefu hadi asilimia chache. Lakini ukipima ukakamavu wa kipande hicho hicho, mara nyingi utakuta umeongezeka kidogo! Vipande vya kamba vilivyokatika vinapata uhuru wa kujipanga na kujiunga na fuwele, plastiki inakuwa ngumu na nzito kidogo zaidi. Kwa hiyo mtu anayebonyeza bomba kwa vidole na kusema "bado gumu hili" anapima kitu kisichomwambia chochote. Wahandisi wengi huhesabu uhai wa plastiki kuwa umekwisha pale uwezo wa kuvutika unapobaki nusu ya ule wa mwanzo.

Kujipanga huko kunaleta balaa jingine. Tabaka la juu linasinyaa huku la chini yake likibaki lilivyo, na uso unapasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka kiangazi. Uharibifu wenyewe unaweza kuwa wa tabaka jembamba tu, sehemu ndogo ya milimita, ndani plastiki ikiwa nzima. Haisaidii. Ufa ukishaanza juu, mzigo ukija unakimbia kwenda ndani, unakata hata ile iliyokuwa haijaguswa na jua.

Dawa ya kwanza ilitoka kwa watengeneza matairi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wanachanganya mpira na masizi ya kiwandani, yanayopatikana kwa kuchoma mafuta au gesi kwenye hewa haba, ili tairi liwe imara. Masizi humeza mwanga wa kila aina, urujuanimno ukiwemo, na kuugeuza kuwa joto. Mwaka 1950 V. T. Wallder na wenzake wa Bell walichapisha matokeo ya majaribio yao ya kuweka polietilini juani ikiwa na masizi na bila masizi, na tofauti ilikuwa kubwa mno. Kiasi kinachohitajika ni kidogo. Mpaka leo mabomba meusi ya maji huwekwa masizi asilimia 2 hadi 2.5 hivi. Muhimu zaidi ni ukubwa wa chembe na namna zilivyosambaa. Chembe nzuri ni za nanomita 20 hivi. Zikiwa nono, au zikijikusanya mabonge mabonge, kati ya bonge na bonge kunabaki dirisha la mwanga kupita. Kwa hiyo bomba linaweza kuwa jeusi tii na bado likawa bovu, rangi peke yake haikuhakikishii kitu.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia.

Kuna muuaji wa pili, na yeye hahitaji mwanga. Oksijeni inaila polietilini hata gizani, polepole, na joto linaiharakisha. Hebu fikiria: umechukua gamba la kebo ukaligeuza jeusi, kisha umelitundika juani. Kila mwenye gari jeusi Dar anajua kinachofuata. Umelikinga na mionzi kwa kuligeuza kuwa kipasha moto. Na kabla ya hapo lilishapita kwenye mashine ya kiwandani likiwa limeyeyuka.

Dhidi ya joto, dawa zilikuwepo, nazo zikitoka kwenye sekta ya mpira. Ni kemikali za jamii ya amini na fenoli ambazo huipa radikali hidrojeni ili iache kunyang'anya minyororo. Tuziite vizuia-oksijeni. Zilifanya kazi vizuri kwenye polietilini isiyo na rangi. Mantiki ikasema: tia masizi kwa ajili ya mwanga, tia kizuia-oksijeni kwa ajili ya joto, umemaliza kazi.

Pale Bell Labs, Murray Hill, New Jersey, walikuwa wanapima jambo hili kwa njia rahisi kuielewa. Unafungia kipande cha plastiki ndani ya oksijeni, unakipasha mpaka nyuzi 140 za Selsiasi, unapima kinameza oksijeni kiasi gani kadiri saa zinavyokwenda. Plastiki yenye kinga inakaa muda mrefu bila kumeza kitu, halafu kinga ikiisha mstari unapanda ghafla. Walipoweka masizi na kizuia-oksijeni pamoja, ule muda wa utulivu ulipungua. Dawa mbili nzuri, ukizichanganya zinakuwa mbovu. Uso wa masizi una eneo kubwa ajabu na una tabia zake za kemikali. Unazinasa molekuli za kizuia-oksijeni na kuchochea ziunguzwe bure na oksijeni kabla hazijafanya kazi.

Mmoja wa watu walioshughulika na mkwamo huo alikuwa Walter Lincoln Hawkins. Alizaliwa Washington, D.C. mwaka 1911, akasoma uhandisi wa kemikali Rensselaer, kisha Chuo Kikuu cha Howard, na udaktari wake wa falsafa akauchukua McGill, Kanada, mwaka 1938. Alipoajiriwa Bell Labs mwaka 1942 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kwenye kada yao ya wataalamu. Zingatia mwaka huo: jeshi la Marekani lilikuwa bado linatenga askari wake kwa rangi.

Hawkins na wenzake, akina Vincent Lanza na Field Winslow, walikwenda kutafuta mahali ambapo wengi hawakuwa wameangalia, yaani kemikali zenye salfa. Baadhi yake zikiwekwa peke yake kwenye polietilini hazikingi kitu cha maana. Masizi peke yake nayo yanakinga kidogo tu dhidi ya joto. Lakini salfa na masizi vikiwa pamoja, kinga inakuwa kubwa kuliko jumla ya viwili hivyo. Uso ule ule wa masizi uliokuwa unaharibu amini na fenoli, kwa salfa ulikuwa msaada. Walichapisha mambo haya mwaka 1959, makala moja ikieleza jinsi masizi yanavyoharibu vizuia-oksijeni vya kawaida na nyingine ikieleza vile vipya, na mwaka huo huo hataza ikatoka Marekani.

Kila Februari, mwezi ambao Wamarekani huadhimisha historia ya watu weusi, Hawkins hutajwa mitandaoni kama "mtu aliyevumbua plastiki ya kufunika nyaya za simu". Kwa maoni yangu, sifa hiyo inampunja. Kufunika nyaya kwa plastiki kulianza bila yeye, na masizi yalishatumika. Kazi aliyoifanya na wenzake ilikuwa ngumu zaidi na haina picha nzuri ya kuonyesha: kueleza kwa nini dawa mbili zinagombana, halafu kupata jozi inayopatana. Mwaka 1975 aliingia kwenye Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza humo, na Juni 1992, miezi michache kabla hajafariki, akapewa Medali ya Taifa ya Teknolojia.

Utasoma pia kwamba gamba lao linadumu hadi miaka 70. Ichukue namba hiyo kwa jinsi ilivyo. Hataza ilipotoka, polietilini yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 26 tangu ilipoonekana kwa mara ya kwanza, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amesubiri miaka 70. Ni makadirio. Unaharakisha kifo kwenye joto kali, unachora mstari, unaurefusha kuja kwenye joto la kawaida. Sisi tunafanya hivyo hivyo mpaka leo, na kila anayefanya anajua mstari huo unaweza kupinda. Na ukipima Florida au Ulaya, usidhani umepima Nairobi, iliyo karibu na ikweta na juu ya mita 1600 kutoka usawa wa bahari, ambako kipimo cha ukali wa urujuanimno hufika na kupita 11, daraja la juu kabisa.

Vipi sasa kuhusu plastiki zisizoweza kuwa nyeusi? Kiti cheupe mara nyingi ni polipropilini, binamu wa polietilini ambaye ni dhaifu zaidi mbele ya jua, kwa sababu mnyororo wake una hidrojeni zinazonyang'anyika kirahisi. Na karatasi ya plastiki ya kufunikia kitalu nyumba lazima ipitishe mwanga, la sivyo mmea utakufa. Kwa vitu hivi jibu lilikuja miaka ya 1970, kutokana na kazi ya watafiti wa kampuni ya Sankyo, Japani, juu ya kundi la amini ambazo viwandani zinajulikana kwa jina la HALS. Hizi hazimezi mwanga. Zinageuka kuwa radikali tulivu ambazo hudaka radikali korofi, na uzuri wake ni kwamba zikishafanya kazi zinarudi kuwa kama mwanzo na kuanza tena. Ndiyo maana kiasi kidogo, sehemu ndogo ya asilimia moja, kinatosha kwa misimu kadhaa. Kiti kinachokatika haraka, mara nyingi ni kwa sababu mtengenezaji alibana matumizi hapo.

HALS zina udhaifu wake. Ni besi, na besi ikikutana na asidi inanyamazishwa. Kwenye mashamba ya waridi ya Naivasha na Arusha, adui mkubwa ni ubwiri unga, na mojawapo ya dawa zake za zamani ni salfa, ambayo wakulima huipasha moto usiku ndani ya kitalu ili mvuke wake utande kwenye majani. Mvuke huo unatanda pia kwenye karatasi ya plastiki, jua linasaidia kuugeuza kuwa asidi, asidi inazifunga HALS, na karatasi iliyouzwa kwa ahadi ya kudumu miaka inaanza kuchanika kwenye mabomba ya fremu kabla ya wakati. Salfa ile ile iliyookoa kebo nyeusi ya Hawkins. Watengenezaji sasa wana HALS zilizopunguzwa ubesi, zinazoivumilia asidi zaidi, na bei yake iko juu. Na mkulima akirudisha karatasi iliyochanika kudai dhamana, jambo mojawapo ambalo maabara ya muuzaji hupima ni kiasi cha salfa kilichoingia humo. Kikizidi kile kilichoandikwa kwenye mkataba, hakuna kulipwa.